Siku ya Kidonge

Bagira, Ijumaa 1 Machi 2024

Wifi yangu Jeanine,

Ukiona barua hii imebandikwa skochi kila upande usidhani nimeficha dhahabu. Namwogopa Constantin tu. Dereva gani huyo anayesimamisha taksi-basi njiani ili asome bahasha za watu? Nimemwambia ni karatasi za shule. Kukupigia simu siwezi, maana simu ya huko Miti ni ya Maman mkwe wangu, na akiipokea huisikiliza ukoo mzima, kuku wakiwemo. Haya si mambo ya kuku.

Kwanza damu yako. Ile namba uliyoniambia Krismasi, nane nukta moja, bado imenikaa moyoni. Daktari Télesphore alisema hawezi kukuruhusu kupasuliwa huo uvimbe wa kizazi mpaka damu ifike kumi. Na wapasuaji wanakuja hospitali ya huko kwenu tarehe 25 Mei, wanakaa siku chache, wanaondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Wewe kila mwezi unavuja wiki nzima, unalima, unakamua ng'ombe, halafu unamwambia Maman kwamba ni uchovu. Najua kwa nini unamficha. Alimzika dada yenu Élodie aliyeishiwa damu akijifungua, na neno hilo hataki kulisikia tena nyumbani mwake. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, wifi. Miezi mitatu kasoro ndiyo tuliyonayo.

Pili, jambo la kukuchekesha. Nimeingia kwenye uchunguzi! Kituo chetu cha afya kimepokea watu wanaotaka kujua vidonge vya chuma, vile vya kuongeza damu, vinawafanya nini bakteria wanaoishi tumboni mwa wanawake. Ndiyo, tumboni mwangu wanaishi bakteria, na mwako pia, na mwa mke wa gavana. Muuguzi wao anaitwa Gisèle, binti wa miwani, mpole sana, ila ana swali moja la kutisha: "Maman Apolline, choo ya leo umeileta?" Maana bakteria hao huhesabiwa kwenye choo. Unapewa kikopo chenye kifuniko, na lazima kifike kituoni kabla saa mbili hazijapita. Changu nilikitia ndani ya mfuko wa biskuti. Njiani nikakutana na mama wa mwanafunzi wangu, akachungulia: "Mwalimu, munaletea batoto biskuti?" Nikamwambia zimeharibika.

Wakanitoboa kidole. Unajua mimi na sindano, nilimshika Gisèle mkono kama mtoto wa chekechea. Kumi nukta nane. Kwa hiyo nimepewa chupa ya vidonge sitini, kimoja kila siku kwa siku sitini, na daftari la kuweka alama kila ninapomeza.

Sasa nisikilize. Wamenipa na vingine vya ziada. Ndivyo hivyo thelathini, nimevifunga kwenye karatasi ya hesabu. Vile vya Miti vilikuchoma tumbo ukaviacha, na daktari ukamwambia umevimaliza, usikatae. Hivi si vile. Hivi vimekuja na ndege. Meza kimoja kila siku na usimwambie mtu.

Wifi yako,
Apolline


Miti, Jumamosi 9 Machi 2024

Kwa Apolline, mke wa kaka yangu, mwanamke ambaye choo chake kinatafutwa na wataalamu,

Nilicheka mpaka Maman akatoka jikoni: "Banakuandikia nini yenye kuchekesha vile?" Nikamwambia unanisimulia mkutano wa wazazi. Akasema, "Bazazi ba Bagira njo bako bachekeshaji vile?" na akarudi kutwanga majani yake ya sombe. Biskuti zimeharibika! Mungu atakuuliza kuhusu hizo biskuti.

Vidonge vimefika, na asante haitoshi. Siku mbili za kwanza tumbo lilifanya fujo, nikasema hata vya ndege ni vilevile. Kisha nikapata akili. Sasa nakimeza na kikombe kikubwa cha mashanza. Kwetu hapa maziwa yaliyoganda hutuliza kila kitu, hata ugomvi wa mume na mke, sembuse kidonge. Juu yake nateremsha chai yangu nzito ya asubuhi, naenda shamba. Tangu hapo tumbo kimya.

Ila kuna jambo linanitia hofu, na wewe peke yako ndiwe nakuambia. Choo changu kimekuwa cheusi kama tako la sufuria. Je, ni damu imeoza ndani? Au kuna mtu? Sitaki kumtaja mtu, lakini yule jirani yetu wa juu aliniletea ndizi wiki iliyopita, na kugawa si kawaida yake. Muulize Gisèle bila kutaja jina langu. Muulize pia hao bakteria wanakula nini, na kama wananilipa kodi ya nyumba.

Bidoni ya mashanza ndiyo hiyo, lita tano, ya watoto na yako. Bidoni irudi. Ile ya mwezi uliopita naona mmeifanya mali yenu.

Mimi,
Jeanine


Bagira, Ijumaa 22 Machi 2024

Wifi,

Jirani yako hana kosa, mrudishie heshima yake. Weusi huo ni chuma. Gisèle anasema sehemu kubwa ya chuma tunayomeza haiingii kwenye damu, inapita tu, na ndiyo inayopaka rangi. Changu nacho ni hivyo hivyo, na huku Bagira hakuna aliyenipa ndizi.

Kuhusu bakteria, nilimuuliza kama ulivyotaka, ila kodi niliiacha. Akavua miwani, maana akivua miwani ndipo anaeleza vizuri. "Maman, tumbo iko sawa parcelle ya kupangisha. Iko bapangaji bazuri, iko babaya. Chuma yenye haikuingia mu damu inashuka kule chini, na babaya banaipenda sana. Bale bazuri habana hata lazima nayo. Ukimwaga mingi, unalisha benye makelele." Nikamuuliza, basi kwa nini mnatupa? Akasema kwa sababu bila chuma hakuna damu, na mwanamke asiye na damu hana habari na wapangaji. Ndiyo maana wanachunguza. Kundi moja linameza kila siku, kundi lingine linameza leo na kupumzika kesho, na mwishoni wataangalia damu zetu na vikopo vyetu waone nani alipata damu bila kufuga wabaya. Mimi niko kundi la kila siku.

Gisèle amenitia aibu kidogo leo. Alitaka kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye chupa, nikamwambia chupa nimeisahau nyumbani. Ni mara ya pili. Mimi ninayewasimamisha watoto mbele ya darasa kwa kusahau daftari! Alitabasamu, akaandika kitu. Wiki ijayo nitakuwa na mafua, nimeshaamua.

Nina nafasi ya kukuandikia ndefu namna hii kwa sababu leo si siku yangu ya kidonge, tumbo limetulia, na kaka yako David kawapeleka watoto kwa mama yao mdogo. Kula vizuri. Umeenda kupima? Niandikie namba mara ukiipata, hata kama Constantin ataisoma.

Apolline


Miti, Jumamosi 30 Machi 2024

Apolline,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilifika kwenye maneno "leo si siku yangu ya kidonge" nikasimama hapo. Mara ya tatu sikucheka hata kidogo. Anayemeza kila siku ana siku gani isiyo ya kidonge? Na chupa inayosahauliwa nyumbani kila wiki ina nini? Shule niliachia mwaka wa sita, lakini sitini ukitoa thelathini naijua. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haikufika hata Miti.

Hapakuwa na vya ziada. Ulikata dawa yako katikati ukanipa nusu, ukaniambia ni mabaki. Una watoto wawili na darasa la watoto hamsini na nane. Ungeanguka mbele ya ubao ningemwambia nini kaka yangu? Nimekasirika, na nimelia, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Na ubaya wenyewe ni huu. Alhamisi nilipimwa. Nane nukta tatu. Mwezi mzima, vidonge ishirini na nane, na nimepanda nukta mbili. Daktari Télesphore aliangalia karatasi, akaniangalia mimi: "Maman Jeanine, dawa munaimeza, ao munaitupa?" Safari hii nilikuwa nimemeza kweli, Apolline, na uso wangu ukawa uso wa mwongo. Zimebaki wiki nane. Kama hata vidonge vya ndege vimeshindwa, basi mwili wangu haujui kutengeneza damu, na nitakaa na uvimbe huu mpaka hapo Mungu atakapotaka. Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Vilibaki viwili. Nakurudishia. Si kwamba vitakufaa, ni kwa hasira tu.

Pasaka njema kwenu. Mashanza nimetuma, ni kwa ajili ya watoto, si kwa ajili yako.

Jeanine


Bagira, Jumanne 9 Aprili 2024

Wifi yangu,

Nimetubu, na si kwa padri.

Jana nilikwenda kwa Gisèle na chupa, na daftari, na barua zako mbili ndani ya mkoba. Nilikaa kwenye benchi nikiwaza namna watakavyonifukuza mbele ya wanawake wote wa Bagira. Nikamwambia yote bila kupumua. Akavua miwani. Akacheka mpaka akapangusa macho: "Maman Apolline, weye mwenyewe umejihamisha mu kundi ingine!"

Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema vidonge si neno, kumpa ndugu ni ubinadamu. Kosa ni zile alama. "Kesho mwanamuke wa Uvira atapewa dawa ya kila siku juu ya alama yako ya uongo. Haukujua yeye, lakini umemudanganya." Jeanine, mimi ni mwalimu. Nililia kweli. Tukachukua kalamu nyekundu, tukapitia daftari siku baada ya siku, nikafuta kila siku ambayo sikumeza. Hajanifukuza. Wataandika mambo kama yalivyotokea, na nitaendelea hadi mwisho kwa vidonge nilivyobaki navyo, siku moja ndiyo, siku moja hapana.

Lakini hebu sikia. Alinipima, na kwa hiyo nusu nimefika kumi na moja nukta tisa! Anasema watafiti wengine wamewahi kuona kwamba ukimeza kidonge leo, mwili hufunga mlango kesho yake, unafungua keshokutwa. Cha kesho kinabaki nje, kinaenda kuwalisha wale wapangaji. Hakutaka nifurahie sana, mtu mmoja si uchunguzi. Nimefurahi hivyo hivyo.

Nikamuuliza, basi kwa nini wifi yangu hapandi? Akauliza unameza na nini. Nikatoa barua yako ya kwanza, nikamsomea pale kwenye mashanza na chai nzito. Akaweka mikono kichwani. "Maziwa inakamata chuma! Chai nayo inaikamata! Mama huyu anameza vizuri, kisha anaifungia mulango kwa funguo mbili!" Mwili wako hauna kosa lolote, wifi. Unajua kutengeneza damu. Ni sisi tulioutilia maziwa.

Nikamwomba vidonge vya ndege kwa ajili yako. Akafungua kabati akanionyesha sanduku. Ni vile vile vya Miti. Jina lile lile, kiwanda kile kile. Ndege sijui niliitoa wapi.

Basi fanya hivi. Kimoja asubuhi, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa maji ya chungwa au limau. Chai iache mpaka saa mbili zipite. Mashanza kunywa jioni kwa raha zako, Gisèle anasema wale bakteria wa kwenye maziwa yaliyoganda ni wa upande wetu. Na mwonyeshe Daktari Télesphore maelezo haya kwanza, aseme ndiyo. Gisèle aliuliza pia kama unakula udongo. Nikamwambia, wifi yangu? Hata kidogo.

Nisamehe kwa uongo. Kwa vidonge sikuombi msamaha.

Apolline


Miti, Jumamosi 13 Aprili 2024

Wifi,

Kaa chini. Udongo ninakula.

Ule mweupe wa sokoni, unaouzwa kwa vipande karibu na wauza chumvi. Tangu damu ilipoanza kupungua nautamani kama mjamzito. Nauficha kwenye mfuko wa aproni, nakula nikiwa kwa ng'ombe, ng'ombe hawasemi. Daktari Télesphore nilimwambia jana, kwa sababu nilichoka kuwa na siri nyingi kuliko meno. Hakushtuka. Alisema hamu hiyo ndiyo damu yenyewe inalalamika, na udongo nao unakamata chuma. Kwa hiyo kidonge changu kilikuwa kinapita kwenye maziwa, kikitoka hapo chai, kikitoka hapo udongo. Maskini, kingefika wapi?

Na ya siku moja ndiyo, siku moja hapana, ameikubali. Ameongeza kwamba chungwa hapa kwetu si shida, shida ni mimi.

Vidonge vya Miti vile nilivyosema nimevimaliza, vipo. Viko sandukuni chini ya kitenge cha harusi yako. Vyote. Nimevitoa, nimevihesabu, vinatosha kufika mwezi wa tano na kupita. Kidonge cha kwanza nimekimeza leo asubuhi kwa limau, nikakunja uso mpaka Maman akauliza nani amekufa.

Umenisema vizuri, na mimi nilikusema vizuri, tuko sawa. Hasira imeisha Jumatano, kama saa nne hivi. Mashanza haya ni yako.

Jeanine


Bagira, Ijumaa 3 Mei 2024

Wifi yangu mla udongo,

Nimemaliza! Kikopo cha mwisho kilikwenda jana. Kidole kimetobolewa, na namba ni kumi na mbili nukta saba. Sijawahi kuwa na damu nyingi hivi tangu niwe mama. Napanda mlima wa shule nikiimba, wenzangu wanadhani nina habari njema.

Gisèle aliniomba niseme neno mbele ya akina mama waliobaki kwenye uchunguzi. Nilitaka kusema mambo mazuri ya afya. Nikasimama, nikawaona wameshika mikoba yao, nikakumbuka chupa yangu, ikanitoka hivi: "Bamama, mwenye kugawa dawa yake na mutu anyooshe mukono, miye nilikuwa wa kwanza." Kisha mkono mmoja. Kisha saba! Mmoja anampa mama mkwe, mwingine dada yake, mmoja anampa mumewe anayesema naye amechoka. Sisi hatujui kula kitu peke yetu, hata dawa. Gisèle alikuwa anaandika huku anacheka huku anataka kulia. Ameniambia wakubwa wake hawakuwahi kufikiria kuuliza swali hilo.

Majibu ya bakteria wetu yatachukua miezi. Nimemwambia Gisèle awasalimie wangu.

Na wewe? Unapimwa lini? Usiniache hivi.

Apolline


Miti, Jumamosi 18 Mei 2024

Apolline,

Tisa nukta sita.

Nimepanda, wifi, nimepanda kweli. Udongo sijagusa wiki tano, na ngazi ya kanisa naipanda bila kusimama. Lakini tisa nukta sita si kumi, na imebaki wiki moja.

Nilipoiona namba nilitaka kurudi nyumbani. Daktari Télesphore akaniita. Amesema hatakubali nikose kwa nukta nne nilizozifanyia kazi namna hii. Watanipasua, ila kwa sharti moja: ndugu atoe damu kabla, ikae tayari kwenye friji ya hospitali. Mimi ni O, inatakiwa O. David alikuja juzi kupimwa akijipiga kifua, amekutwa A, akaondoka kama mtu aliyeibiwa. Binamu zetu wawili wamesema watakuja, halafu wamesema shamba. Najua kwamba wewe ni O kwa sababu nilikuwepo ulipojifungua. Lakini sikuombi. Umeshanipa vya kutosha, na kwa sindano nakujua.

Nimemwambia Maman. Ilibidi, maana daktari anataka ukoo. Nilitegemea kilio. Alichukua ufagio akaenda kufagia ua ambao alikuwa amekwisha kuufagia. Tangu jana hajaniangalia usoni.

Niombee.

Jeanine


Bagira, Jumamosi 18 Mei 2024

Jeanine,

Constantin anasubiri na injini inawaka, kwa hiyo fupi. Nimempigia Gisèle, anasema kwa namba yangu wananipokea, nile vizuri na ninywe maji. Nimeomba ruhusa shuleni. Ijumaa asubuhi nipo hospitalini. Usinijibu.

Apolline


Hospitalini, Jumatatu 27 Mei 2024

Apolline,

Anayeandika ni Jeanine, anayesema ni Maman. Ameniagiza niandike kila neno kama linavyotoka mdomoni mwake, nisitengeneze kitu. Nimelala chali, mwandiko utausamehe.

Apolline mutoto wangu. Mbele ya byote, Jeanine iko muzima. Jana alikunywa buyi ya mahindi, leo asubuhi alinigombeza, sasa najua iko muzima kabisa. (Sikumgombeza. Alinifunika blanketi tatu.) Andika yenye ninasema. Docteur alinionyesha ule uvimbe, iko kubwa sawa kiazi ya hapa kwetu, ile ya kwanza mu shimo. Bapasuaji balisema damu ilitoka mingi kidogo, bakaleta ile mufuko yako, bakamutundikia. Ikaingia yote. Saa tisa alifungua macho, akauliza kama ng'ombe balikamuliwa.

Mulinificha. Miezi tatu munaandikiana, barua inaenda pamoja na bidoni ya mashanza, miye nafunga ile bidoni na mikono yangu. Nilikuwa na hasira siku mbili. Halafu nikaona siwezi kukasirika, juu miye pia niko na yenye nilificha, na yangu iko ya miaka kumi na moja.

Siku ya Élodie, docteur wa ile wakati alitoka mu corridor, akauliza: nani atatoa damu juu ya huyu mwanamuke? Tulikuwa bantu saba. Kila mutu akaangalia miguu yake. Kisha tulisema hakukuwa mutu mwenye damu inafanana. Haiko kweli. Hakuna hata mumoja alipimwa. Na miye nilikuwa pale, Apolline. Mama yake. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa nabeba muzigo ya viazi kutoka shamba mpaka barabara. Lakini bantu balikuwa banasema mwenye kutoa damu anakufa mbele mwaka iishe, na nilikuwa na batoto bengine mu nyumba. Nikaogopa. Nikaangalia miguu yangu mpaka docteur akarudi ndani.

(Nimeandika. Hili sikulijua. Tumesimama kidogo, sasa tunaendelea.)

Ijumaa docteur Télesphore alitoka mu corridor, akauliza ile maneno, na miye nikaangalia chini tena, mwili ilienda yenyewe. Halafu nikasikia docteur anacheka. Nikainua kichwa. Weye ulishakunja mukono ya nguo mpaka ku bega mbele amalize kuuliza, umefunga macho, umekaza meno, na sindano ilikuwa ingali mu chumba ingine. Nikasema ndani ya roho, huyu anaogopa kunishinda, na ameenda. Nikakuangalia mpaka mufuko ikajaa. Sikuangalia fasi ingine.

Leo asubuhi nilienda ku laboratoire, nikabaambia bachukue yangu. Balikataa, banasema niko muzee, miaka ilipita. Nikabaambia basi mupime tu, nijue. Balipima. Iko O. O sawa yako, yenye balisema inaweza ingia ku kila mutu.

(Analia. Mimi pia. Muuguzi ametuletea kiti.)

Nimelia, nimemaliza. Sasa sikiliza. Jumapili, kisha misa, nimeomba padri anipatie dakika tano. Nitabaambia bamama ba Miti yote, ya Élodie na ya miguu yangu. Nitabaambia kutoa damu hakuue mutu, muke ya David alitoa mbele ya macho yangu, na ile saa sita akakula sahani mbili ya bugali na samaki sambaza, akaomba ingine. Najua habatanisadiki. Batasema muzee amechoka, anaongea tu.

Njo maana ukuje. Uvae ile robe ya njano, na ukae banc ya mbele, fasi kila mutu atakuona uko na pumuzi.

Ni miye mama yako,
Adélaïde